Sura ya Sita: Mkono wa Baada ya Kustaafu

Mwaka 1990 jumba la Studio Museum huko Harlem, New York, lilikusanya kazi za wasanii tisa kutoka Afrika katika onyesho moja. Walikuwemo El Anatsui na Ablade Glover wa Ghana, Bruce Onobrakpeya wa Nigeria, Souleymane Keita wa Senegal, na wachongaji wa mawe wa Zimbabwe kama Nicholas Mukomberanwa na Henry Munyaradzi. Wanane kati ya hao tisa walikuwa wanaume. Wa tisa alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Kenya, mama aliyekuwa amekwisha kugonga miaka sitini, na kazi zake alizitengeneza kwa karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga. Jina lake Rosemary Karuga.

Karuga hakuzaliwa Thika wala Ruiru. Alizaliwa Meru tarehe 19 Juni 1928, baba Mganda na mama Mkenya. Lakini kila ninapowaona wazee wa miji yetu hii miwili wakikabidhi funguo za darasa au kadi ya kiwandani na kurudi nyumbani wasijue siku itawapelekaje, namkumbuka yeye. Maisha yake ndiyo jibu bora nililonalo kwa swali ambalo Thika na Ruiru zinaulizwa sasa na bado hazijalitia maanani: wazee wanapomaliza kazi, yale waliyoyaona yanakwenda wapi?

Tuangalie ukubwa wa jambo lenyewe. Sensa ya 2019 iliikuta Ruiru ikiwa na watu 490,120. Kwa hesabu hiyo ni mji wa nne kwa wingi wa watu nchini, baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru, na umeipita Eldoret. Thika ilikuwa na watu wapatao 251,000. Thika imekuwa ya viwanda tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa: nguo, mafuta ya kupikia, mikate, unga, na mananasi yanayowekwa mikebeni. Ruiru ilikuwa ya kahawa. Leo nyingi katika zile safu za mibuni zimekuwa safu za magorofa. Tatu City imesimama juu ya ardhi iliyokuwa shamba la kahawa, na aliyeajiriwa kuchuma huko akiwa kijana anaweza kupita leo asijue mahali pipa la kupimia lilipowekwa.

Walimu na watumishi wa serikali hustaafu wakiwa na miaka 60. Hadi 2009 ilikuwa 55. Mtu wa miaka sitini mwenye afya ana miaka mingine kumi na mitano, pengine ishirini na zaidi, ya kuamka asubuhi na macho mazima. Huku kwetu miaka hiyo imeshapangiwa matumizi. Kiinua mgongo kinanunua ploti, ploti inajengwa vyumba vya kupangisha, vyumba vinaleta wapangaji, na wapangaji wanaleta shughuli ya kila siku, leo maji, kesho kodi, keshokutwa bomba la choo. Anayebaki na nafasi anafuga kuku au ng'ombe wawili, anakuwa mzee wa kanisa, anakaa kwenye kamati za harusi na matanga. Siyadharau hayo hata kidogo, maana ndiyo yanayosomesha wajukuu. Lakini nasema wazi kwamba tumewapa wastaafu wetu kazi za mikono na za mfuko, tukawanyima kazi ya macho na kumbukumbu, ambayo hakuna mwingine anayeweza kuwafanyia.

Karuga aliingia Makerere mwaka 1950. Shule ya sanaa ya hapo ilikuwa imeanzishwa na Margaret Trowell, Mwingereza aliyeshikilia kwamba Mwafrika anaweza kufunzwa uchoraji bila kulazimishwa kuwa nakala ya mchoraji wa Ulaya. Gregory Maloba, Mkenya mwenzake, alikuwa amekwisha kupita pale akawa mchongaji. Baadaye ndiye aliyesimamisha mnara wa uhuru wa Uganda jijini Kampala. Mwanamke hakuwa amewahi kusoma katika shule ile. Karuga akawa wa kwanza. Alisomea usanifu wa mapambo, uchoraji na uchongaji, akamaliza mwaka 1952.

Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Kenya. Wazee wa Gatundu, Thika na Kiambu yote hawahitaji kusimuliwa maana yake: msako, kipande, amri ya kutotoka nje, kisha watu kuondolewa kwenye maboma yao na kusukumwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Nani angenunua sanamu kwa mwanamke Mwafrika katika nchi ya namna hiyo? Angemwonyesha nani? Kazi iliyokuwa wazi kwa msomi wa kike ilikuwa ualimu. Akaolewa, akalea watoto, akafundisha, na miaka zaidi ya thelathini ikapita hivyo.

Wanaoandika habari zake huipita miaka hiyo haraka, kana kwamba mama yule alilala Makerere akaamka mstaafu. Naona wanaikosea. Anayefundisha watoto wadogo huwatazama kwa namna ambayo mtu wa ofisini hatazami. Anajua mtoto anavyosimama akiwa na njaa, mama anavyoinamisha shingo akija kuomba ada isubiri, jogoo anavyovuka uwanja wa shule kama mwenye hati ya kiwanja. Miaka thelathini ya kutazama hivyo ni masomo, hata kama hakuna chuo kinachoyatolea cheti. Aliporudi kwenye sanaa mwishoni mwa miaka ya 1980, Karuga hakuwa akianzia mahali alipoachia 1952. Sasa alikuwa na mengi ya kusema, na mkono uliofundishwa kuyasema.

Kilichokosekana ni vifaa. Rangi nzuri na kanvasi vilikuwa bidhaa za kutoka ng'ambo, na pensheni ya mwalimu haikupangwa kwa ajili hiyo. Hapo ndipo ziliingia pakiti.

Chukua pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili, ya aina yoyote. Huku kwetu huenda ikawa Soko, ambayo husagwa na kufungwa hapahapa Thika. Ifungue kwa kufuata mshono wa gundi ulio nyuma, kung'uta unga uliosalia pembeni, ilaze mezani iwe bapa. Upande wa nje una eneo pana la rangi moja, una herufi nene, una picha, na mahali rangi mbili zinapokutana wino umepandana kidogo na kuzaa rangi ya tatu. Upande wa ndani ni mtupu. Ukiichana kwa vidole, ukingo unatoa nyuzi nyepesi na kuacha mstari hafifu wa weupe. Ukiikata kwa makasi, ukingo unakuwa mkali. Kwa hiyo hata kabla ya gundi kushikwa, una rangi nne au tano, una kingo za aina mbili, na una maandishi ambayo ukiyakata vipandevipande hayasomeki tena, yanabaki kuwa madoa meusi na mekundu unayoweza kuyageuza kivuli cha shavu au bawa la kuku.

Karuga alifanya hivyo kwa subira ya kipekee. Vipande vyake ni vidogo, vimepangwa kimoja baada ya kingine hadi wanyama, ndege, wanawake na watu wa kijijini wakajitokeza. Ukisogea karibu na picha yake unaona karatasi za dukani. Ukirudi nyuma hatua mbili unaona ng'ombe, na ng'ombe huyo ana uzito. Rangi ya mchoraji hukorogwa kwenye kibao. Yake ilikorogwa ndani ya jicho la mtazamaji, kwa sababu kipande chekundu kilichowekwa kando ya cha kijani hakiwezi kuchanganyika nacho kwa brashi. Hesabu hiyo ni ngumu. Inataka mtu asiye na haraka.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 alifanya kazi akiwa msanii mgeni katika Paa ya Paa, kituo cha sanaa kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1965 na Elimo Njau na wenzake, ambacho baadaye kilihamia Ridgeways, upande wa barabara ya Kiambu. Kutoka Ruiru si mbali. Kituo hicho kiliungua 1997 na kazi nyingi zikateketea, hasara ambayo sanaa ya Kenya haijalipwa hadi leo. Lakini kwa Karuga kilikuwa kimetimiza wajibu: kilimpa meza, watu wa kuzungumza nao, na macho ya wageni waliojua thamani ya walichokiona. Baada ya Harlem alitengeneza picha za kolaji, yaani hizo za vipande vya karatasi vilivyobandikwa, kwa ajili ya The Palm-Wine Drinkard, riwaya ya Amos Tutuola wa Nigeria. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1952, mwaka uleule Karuga alipomaliza Makerere.

El Anatsui, aliyekuwa naye kwenye onyesho la Harlem, leo anajulikana dunia nzima kwa mapazia makubwa ya vizibo vya chupa vilivyoshonwa kwa waya wa shaba. Kazi hizo alizianza mwishoni mwa miaka ya 1990. Sisemi alijifunza kwa Karuga. Nasema tu kwamba dunia ilipokuja kushangilia sanaa ya Afrika iliyotengenezwa kwa taka za dukani, mwalimu wetu mstaafu alikuwa ameitangulia kwa takriban miaka kumi, na ni Wakenya wachache waliokuwa wakilijua jina lake. Hilo linaniuma.

Afrika Mashariki ina wachoraji wengi waliotokea kwenye kazi nyingine. Edward Saidi Tingatinga alikuwa na umri wa miaka ipatayo 36 alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vibao vya hadibodi. Alifariki 1972, na miaka ile minne ilitosha kuanzisha mtindo unaobeba jina lake mpaka leo. Jak Katarikawe, aliyetoka Kigezi, Uganda, akaishi na kufanya kazi Nairobi hadi alipofariki 2018, alikuwa dereva. Kivuthi Mbuno wa Mwingi alikuwa mpishi wa misafara ya watalii, na wanyama aliowaona akiwa kazini ndio waliojaza karatasi zake. Sane Wadu, mzaliwa wa Nyathuna, Kiambu hiihii, aliacha ualimu ili achore. Watu walimwita mwendawazimu kwa kuacha mshahara, naye akajibu kwa kujipa jina la mwenye akili timamu.

Hata hivyo hao waliacha kazi wakiwa bado na nguvu za ujana au utu uzima wa mapema. Kuanza, au kuanza upya, ukikaribia sitini au ukiwa umeivuka ni jambo la aina nyingine, na kwa mifano ya hilo inabidi tutazame mbali pia. Anna Mary Robertson Moses, mke wa mkulima Marekani, alianza kuchora kwa dhati akiwa na miaka 78, baada ya vidole kumuuma asiweze tena kutarizi; alifariki 1961 akiwa na 101. Emily Kame Kngwarreye, bibi wa jamii za asili za Australia, alishika kanvasi kwa mara ya kwanza akikaribia themanini, na katika miaka kama minane iliyobaki ya maisha yake inakadiriwa alichora picha 3,000. Anayenigusa zaidi ni Bill Traylor. Alizaliwa mtumwa Alabama katika miaka ya 1850, akafanya kazi ya shamba maisha yake yote, na mnamo 1939, akiwa na zaidi ya miaka themanini, akakaa kando ya barabara mjini Montgomery akaanza kuchora juu ya vipande vya maboksi yaliyotupwa: nyumbu, mbwa, wanaume wenye kofia, watu wanaokimbizana. Wanahistoria huziendea picha zake leo kwa sababu alizaliwa utumwani, na maisha aliyoyachora aliyaona kwa macho yake.

Tazama kinachowaunganisha Moses, Kngwarreye, Traylor na Karuga. Hakuna aliyechora mambo mapya. Walichora dunia waliyoijua kabla ya wengine wote waliokuwa wakiishi kando yao, dunia ambayo mara nyingi ilikuwa imeshaondoka. Kijana angeweza kuwashinda kwa wepesi wa mkono. Kwa yale waliyoyajua hakuna kijana angewafikia.

Sasa rudi Ruiru. Kituo cha utafiti wa kahawa ndicho kilichotoa mbuni unaoitwa Ruiru 11 mwaka 1985, na jina la mji likasafiri na mche huo kwenye nchi za mbali. Lakini ni nani amechora mavuno yenyewe? Ni nani amechora wanawake wakiwa na vikapu vilivyofungwa kiunoni, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya mibuni, mtoto mgongoni, nyapara na daftari lake? Ni nani amechora Thika Road kabla ya upanuzi wa 2009 hadi 2012, ilipokuwa nyembamba na watu wakiivuka mbio wakiwa wameshikana mikono? Zamu ya usiku ikitoka kwenye kiwanda cha nguo, pamba imewaganda kwenye nywele? Picha za kamera za mambo hayo zipo chache, nyingine za kampuni, nyingine za watalii waliosimama hoteli ya Blue Posts kutazama maporomoko ya Chania. Wenye picha kamili ni wazee wetu, na wanazo kichwani.

Vikwazo ninavijua. Cha kwanza ni aibu. Mzee akionekana na penseli ya rangi mkononi, watu wa plotini watauliza kama anamfanyia mjukuu kazi ya shule. Cha pili ni shule yenyewe: mtaala wa 8-4-4 ulianza ukitahini sanaa na kazi za mikono, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, na lisilotahiniwa halifundishwi. Ndiyo maana leo tuna kizazi kizima cha watu wazima wanaoamini kwamba kuchora ni kipaji cha wachache, wakati ni kitu kinachofunzwa, kama kusoma. Cha tatu ni soko. Majumba yanayouza sanaa yako Nairobi na pembezoni mwake, Banana Hill na Red Hill, na mstaafu wa Makongeni kule Thika au Kihunguro kule Ruiru hajui aingilie mlango gani.

Vifaa havimo kwenye orodha hiyo, na ninaviacha kwa makusudi. Karuga alikwisha kulijibu hilo. Mtu akiniambia hana rangi namwonyesha pakiti.

Ninachokiomba ni kidogo. Serikali ya kaunti ya Kiambu ina kumbi za jamii ambazo hukaa zimefungwa siku za kazi. Chumba kimoja Thika na kingine Ruiru, vyenye meza ndefu, mwanga wa dirishani, makasi na gundi, na mwalimu wa sanaa mara moja kwa wiki, vingetosha kuanza. Walimu tunao: Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho abiria wa Ruiru hukipita kila siku wakielekea mjini, kina idara ya sanaa, na wahitimu wake wanatafuta kazi. Kazi zikishapatikana zitundikwe mahali watu wanapopita, kwenye maktaba, kwenye sebule ya hospitali, kwenye ofisi ya ardhi ambako kila mtu husubiri. Wakazi wa magorofa mapya wana haki ya kujua wamejenga juu ya nini.

Na kwako wewe ambaye mama yako au baba yako amestaafu mwaka huu: usimnunulie televisheni kubwa zaidi. Mpelekee karatasi nene, makasi yanayokata vizuri, chupa ya gundi nyeupe na miwani ya kusomea iliyopimwa sawasawa. Muulize shamba lilikuwaje, na akianza kukueleza mwambie akuonyeshe kwenye karatasi. Asipoweza siku ya kwanza, mwachie vitu mezani. Usicheke anachotoa, na usikitupe.

Rosemary Karuga alihamia Ireland, anakoishi binti yake, akafariki huko Februari 2021 akiwa na miaka 92. Miaka yake ya ualimu ilikuwa mingi kuliko miaka ya kolaji. Kilichomfikisha Harlem ni kolaji, na zote alizitengeneza baada ya umri ambao sisi huwaambia watu wapumzike.